Kabla Hujaposti Skuta: Soma Namba ya Chesisi, Inaongea



Leo tunaongea na wanaouza skuta, pikipiki na spea zake kupitia Instagram, Facebook na magrupu ya WhatsApp, hasa ukanda wetu huu wa Bagamoyo, Kerege, Mapinga, Bunju mpaka Tegeta. Kila siku meseji ni zilezile: "Boss, kadi ipo?" Unajibu ipo, mteja anatuma kishika uchumba, biashara inasonga.

Swali ambalo wateja wengi hawaulizi, na wauzaji wengi hawajiulizi, ni hili: hiyo kadi ni ya skuta HII?

Kadi ni karatasi, na karatasi inaweza kuhama kutoka skuta moja kwenda nyingine. Pleti inafungwa kwa boti mbili tu. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, na kuiondoa bila kuacha alama ni kazi ngumu. Ndiyo maana mteja akipeleka skuta polisi kukaguliwa, au akienda TRA kubadilisha umiliki, hiyo ndiyo inayotazamwa. Ikigoma pale, hatamtafuta mwenye skuta asiyemjua. Atakutafuta wewe uliyeposti.

Twende taratibu.

1. IKO WAPI?

Kwa pikipiki kama Boxer na TVS, angalia shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia. Geuza usukani upande mmoja uchungulie upande wa pili. Namba ya injini iko kwenye injini yenyewe, sehemu ya chini.

Kwa skuta kazi inaongezeka kidogo, maana fremu imefunikwa na plastiki. Sehemu zinatofautiana kwa kila modeli: chini ya siti, nyuma karibu na taa, chini ya kifuniko kidogo pale unapoweka miguu, au kwenye bomba la fremu mbele. Mwambie mwenye mali aje na bisibisi. Anayekwambia "haina namba hiyo, skuta hazinaga", mwache aondoke na skuta yake.

Zingatia hili: stika na kibati cha kiwandani si mbadala wa namba iliyogongwa. Stika inabandukwa. Kibati kinashikwa na ribiti mbili. Tafuta iliyogongwa kwenye chuma.

2. ALAMA 17 ZINASEMA NINI

Pikipiki na skuta mpya nyingi kutoka India, China na Ulaya zina namba yenye alama 17, herufi na tarakimu zikiwa zimechanganyika. Wengine wanaiita VIN. Mpangilio wa alama 17 ulianza kulazimishwa Marekani mwaka 1981, na leo viwanda vingi duniani vinaufuata.

Chukua namba hii ya kubuni, ya kujifunzia tu:

L5YTCJPA4N1004572

Alama 3 za kwanza (L5Y) ni kiwanda. Herufi ya kwanza kabisa inakupa eneo au nchi: L ni China, J ni Japani. Italia iko kwenye Z. M inagawanywa kwa nchi kadhaa za Asia, kwa hiyo soma mpaka ya tatu: MD2 ni Bajaj wa India, MD6 ni TVS wa India, na ME4 ni Honda ya India. ZAP ni Piaggio, wenye Vespa.

Alama ya 4 mpaka ya 8 (TCJPA) ni maelezo ya chombo: aina ya bodi, injini, modeli. Kila kiwanda kina lugha yake hapa, usijitie kutafsiri.

Alama ya 9 (4) ni ya ukaguzi. Nitaieleza hapa chini, ina utamu wake.

Alama ya 10 (N) ni mwaka, kwa viwanda vinavyofuata utaratibu huo.

Alama ya 11 (1) mara nyingi ni kiwanda kilipounganishwa.

Alama 6 za mwisho (004572) ni namba ya mfululizo, yaani skuta hii peke yake.

Kwa hiyo mtu akikuletea "Boxer original ya India" na chesisi inaanza na L, huhitaji fundi. Hicho chombo kimetoka China. Hilo peke yake si kosa, skuta za China zinauzwa kihalali kila siku. Kosa ni kuiposti kwa jina lisilo lake na kwa bei isiyo yake.

3. HERUFI TATU ZISIZOKUWEPO

Kwenye namba ya alama 17 hakuna herufi I, wala O, wala Q. Zimeachwa makusudi ili zisichanganywe na 1 na 0.

Ukiona O kwenye namba uliyotumiwa, mwandishi amekosea, hiyo ni sifuri. Ukihesabu ukapata 16 au 18, kuna iliyorukwa au iliyoongezwa. Omba picha ya chuma, usiombe uandikiwe. Mtu akikuandikia kwa mkono, 5 inakuwa S, 8 inakuwa B, na 2 inakuwa Z. Kosa la herufi moja kwenye mkataba wa mauziano linatosha kumrudisha mteja wako kutoka dirishani akiwa na hasira.

4. MWAKA, NA MTEGO WAKE

Alama ya 10 inasomwa hivi:

A 2010, B 2011, C 2012, D 2013, E 2014, F 2015, G 2016, H 2017, J 2018, K 2019, L 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024, S 2025, T 2026.

Miaka ya 2001 mpaka 2009 inaandikwa kwa tarakimu 1 mpaka 9.

Mtego wa kwanza: huu ni mwaka wa modeli. Skuta inaweza kukaa stoo na njiani, ikasajiliwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo chesisi kusema 2021 na usajili kuwa wa 2022 si jambo la kushtua. Chesisi kusema 2014 na muuzaji kusema "ya 2022 hii, bado mpya" ni jambo la kushtua.

Mtego wa pili: si kila nchi inalazimisha mwaka ukae nafasi ya 10. Tumia herufi hiyo kama shahidi mmoja, kisha linganisha na mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kadi. Wakipishana sana, uliza kabla ya kuandika mwaka wowote kwenye posti yako.

5. ALAMA YA TISA: MLINZI MDOGO

Kwa namba za China, alama ya 9 inapatikana kwa hesabu. Kila herufi imepewa thamani yake, kila nafasi ina kizidisho chake, unajumlisha zote, unagawa kwa 11. Kinachobaki ndicho kinaandikwa nafasi ya 9. Kikibaki 10, inaandikwa X.

Kwa mfano wetu jumla ni 279. Ukigawa kwa 11 unapata 25 na kinabaki 4. Angalia nafasi ya 9: ni 4. Imekubali. Sasa mtu akikosea ile 7 karibu na mwisho akaandika 1, jumla inakuwa 261, kinabaki 8. Nafasi ya 9 bado inasema 4. Namba imejishtaki yenyewe.

Huna haja ya kukaa na kalamu. Zipo programu nyingi za bure mtandaoni zinazofanya hesabu hiyo. Kwa haraka zaidi, kumbuka hivi: chesisi inayoanza na L, nafasi ya 9 iwe tarakimu au X tu. Ukikuta B au K hapo, imesomwa vibaya au kuna mkono umepita. Usitumie kipimo hiki kwa Boxer na TVS za India, kule si lazima, utamshuku mtu bure.

Na elewa mpaka wake: namba ikikubali hesabu maana yake imeandikwa sawasawa. Haisemi skuta ni ya nani. Mwizi akinakili namba halali ya skuta nyingine, hesabu itakubali vilevile.

6. SKUTA ZA JAPANI: MCHEZO MWINGINE

Hapa ndipo wengi wanapotea. Zile skuta ndogo zilizotumika Japani zikaletwa huku hazina alama 17. Zina namba fupi yenye kistari katikati, kwa mfano AF34 halafu tarakimu saba. Mteja aliyesoma kidogo mtandaoni atakwambia "chesisi fupi hii, ni feki". Mweleze kwa upole: ziliuzwa kwa soko la ndani la Japani, na huo ndio utaratibu wao. Ni sawa na magari mengi ya Japani yanayotembea barabara ya Bagamoyo.

Sehemu ya kabla ya kistari ni modeli. AF34 ni Honda Dio. AF61 ni Honda Today. Sehemu ya baada ya kistari ni mfululizo. Mwaka haumo kabisa, kwa hiyo ule utaratibu wa alama ya 10 usiulete hapa. Mwaka unatafutwa kwenye kadi na karatasi za kuingizia nchini.

Kwa Honda, injini nayo ina kodi yake, ambayo ni ileile ya fremu na E mwishoni: fremu AF34, injini AF34E. Ukikuta fremu AF34 imebeba injini AF61E, injini imebadilishwa. Si dhambi, injini zinakufa na watu wanabadilisha. Ila namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo mwenye mali aende TRA na uthibitisho wa hiyo injini kadi irekebishwe, ndipo uposti.

Vespa za zamani zile za bodi ya chuma ni hivyohivyo. Namba yake ni herufi za modeli na mfululizo, imegongwa kwenye bodi sehemu ya nyuma. Mara nyingi kodi ya bodi inaishia na T na ya injini na M, mfano VBB1T na VBB1M. Na kwa kuwa huku kwetu skuta yoyote tunaiita "Vespa", kwenye tangazo andika jina halisi. Vespa ni ya Piaggio. Mteja anayetafuta Vespa yenyewe ana bei yake, usimwitie Dio.

7. KUTU YA PWANI SI USHAHIDI WA WIZI, LAKINI IHESHIMU

Sisi wa pwani tuna tatizo letu. Upepo wa chumvi unakula chuma. Pikipiki inayobeba samaki kutoka mnadani ndiyo imekwisha kabisa, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye fremu kila asubuhi. Baada ya miaka michache namba inafunikwa na kutu, haisomeki.

Kinachofuata ndicho kinawaponza watu: wanachukua msasa au grainda, wanasugua, wanapiga rangi ing'ae kwa ajili ya picha. Umeua. Namba iliyosuguliwa na namba iliyochezewa zinafanana. Mkaguzi ataona mikwaruzo tu, na maelezo yako ya kutu hayatamsaidia.

Fanya hivi:

- Lainisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha dakika kadhaa.
- Sugua kwa mswaki wa zamani. Si waya, si msasa.
- Kausha, kisha paka chaki juu yake na ufute kidogo. Chaki inabaki kwenye mashimo, namba inatokeza.
- Ikigoma, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ubapa. Namba itajichora kwenye karatasi.
- Piga picha kwa mwanga wa pembeni, si flashi ya moja kwa moja.
- Ukimaliza paka grisi kidogo, kutu isirudi.

Isiposomeka kabisa, usibahatishe tarakimu. Mwenye mali aende polisi na TRA kwanza. Na usikubali fundi "aigonge upya" gereji. Hiyo huduma ipo mitaani, na ndiyo inayogeuza skuta halali kuwa kesi.

Dalili za kuchezewa: tarakimu hazikai mstari mmoja, ukubwa au kina kinapishana, kuna weldi au rangi mpya sehemu ile tu wakati fremu nzima imechakaa, au alama za kusaga zinazong'aa.

8. VITATU VIONGEE LUGHA MOJA

Kabla hujapokea mzigo wa mtu kuuza, linganisha:

CHUMA: namba ya chesisi na ya injini, umeziona kwa macho yako.
KADI: namba zote mbili, aina, rangi, mwaka, namba ya usajili.
MTU: jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuletea.

Soma alama moja moja kwa sauti, mwenzako akishika kadi. Jicho peke yake huwa linasoma kile linachotarajia.

Jina la kadi likiwa la mtu mwingine, omba mkataba wa mauziano unaounganisha kutoka jina hilo hadi aliye mbele yako. "Niliuziwa na jamaa yuko Msata, simu haipatikani" si mkataba.

Kisha tumia namba ya usajili. Pikipiki za Bara zinaanza na MC. Kwenye mfumo wa polisi wa TMS utaona kama inadaiwa faini za barabarani, na kwenye mfumo wa TIRA utahakiki bima. Maelezo ya bima yakisema Boxer na wewe umeshika skuta, simama hapo hapo.

Sasa neno kuhusu ng'ambo ya pili. Zanzibar wana usajili wao, na namba zao zinaanza na Z. Skuta za Unguja ni nyingi na nzuri, na jahazi ni la usiku mmoja tu. Lakini kuvuka maji si kuhama usajili. Ukipewa skuta yenye namba ya Z, au isiyo na namba kabisa na hadithi ya "imeshuka jana", uliza TRA kuhusu forodha na usajili kabla ya kupokea hata shilingi ya mteja. Chombo kilichoshushwa bandari bubu kinaweza kuwa na chesisi safi kabisa na bado kisikubalike kusajiliwa. Bei yake ya chini ndiyo gharama ya tatizo unalonunua.

Na usijidanganye kwamba "mimi dalali tu". Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi. Chesisi iliyosagwa ni sababu tosha ya kumfanya mtu aamini hivyo. Posti yako, namba yako ya simu na muamala wako vyote viko hapo.

9. WAUZA SPEA, HII NI YENU

Mteja anaandika: "Nataka kabureta ya Honda Today." Ukituma bila kuuliza, umecheza bahati nasibu. Today yenye fremu AF61 inatumia kabureta. Today yenye fremu AF67 ni ya injeksheni, haina kabureta kabisa! Jina moja, umbo linafanana, mzigo tofauti.

Dio nayo hivyohivyo. AF34 ni ya viharusi viwili, inayochanganya oili na petroli. AF62 ni ya viharusi vinne. Pistoni haziingiliani, oili haziingiliani.

Kwa hiyo jibu lako la kwanza liwe: "Nitumie picha ya namba ya chesisi." Meseji moja inakuokolea nauli ya kutuma mzigo Pangani na nauli ya kuurudisha. Andika kodi ya fremu kwenye kila tangazo la spea. Anayejua anachotafuta ataipata kwa kutafuta namba hiyo, na atakuamini kabla hajakupigia.

10. KWENYE POSTI ONYESHA NINI?

Onyesha alama za mwanzo, funika 6 za mwisho kwa kidole au rangi. Namba kamili ikikaa hadharani, mwenye skuta ya wizi inayofanana anaweza kuinakili. Mteja akija kukagua mpe yote, alinganishe mwenyewe.

Kadi pia usiiposti wazi. Ina jina la mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe wa grupu la WhatsApp. Funika jina, omba ruhusa ya mwenye mali.

Andika hivi, kopi ukipenda:

"Skuta Honda Today, fremu AF61, chesisi na injini zimelinganishwa na kadi. Kadi ipo, mwenye jina yupo. Karibu ukague ana kwa ana, uje na fundi wako. Malipo baada ya kukagua."

Mistari michache tu, lakini imejibu maswali yote ya mteja mwenye hela. Tapeli ataikwepa posti yako, na mwenye skuta chafu hatakuletea. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Kagua ya kwanza, itakuchukua nusu saa. Ukifika ya kumi, dakika tano zinatosha.

Sevu posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza pikipiki. Una chesisi inakusumbua kusoma? Andika kwenye komenti alama za mwanzo tu, zile 6 za mwisho baki nazo. Tutaisoma pamoja.

Biashara njema, wadau.